Baba na Mashine Isiyotaka Heshima

Mdogo wangu Haruhiko,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Theluji ya paa la kaskazini iliporomoka yote juzi na kuvunja ule mfereji wa maji uliosema ungeutengeneza kiangazi cha mwaka juzi. Natumaini wewe hujambo, Michiyo hajambo, na wakwe zako wanaendelea vizuri na hewa ya bahari huko kwenu. Mimi ni mzima. Baba naye ukimwuliza atakujibu kwamba ni mzima, na hapo ndipo taabu yangu yote ilipoanzia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unakumbuka una zamu kila nikifika kwenye jambo lenyewe. Barua haina zamu. Tafadhali isome yote, kwa sababu mwishoni kuna jambo nililolifanya ambalo hutalipenda, na sitaki ulisikie kwa Shangazi Fusae akiwa ameliongezea chumvi.

Nianze na ugonjwa. Uvimbe ulikuwa kwenye ini, ukubwa wa plamu ndogo, karibu sana na utumbo. Upasuaji ulikataliwa kwa sababu ya moyo wake. Daktari Arakida, yule mama anayeongea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni, alisema kuna njia ya mionzi inayolenga. Wewe ni mtu wa treni, utaelewa nikikuambia hivi: mionzi ya kawaida ni treni ya mizigo, inatikisa kila kijiji inachopita na inaendelea kutikisa vya mbele. Hii ya kwetu ni chembe za kaboni zinazorushwa kwa kasi kubwa kutoka mtambo wenye ukubwa wa uwanja wa michezo wa ndani. Zinapita kwenye ngozi na nyama bila fujo nyingi, zinafika kina kilichopangwa, na zinashusha mzigo wao karibu wote hapo. Baada ya kituo hicho safari imekwisha.

Sasa ini, kumbe, halikai mahali pamoja. Ukivuta pumzi linashuka, ukitoa linapanda. Kwa hiyo walimchoma sindano na kumwekea vipande vidogo vya dhahabu kando ya uvimbe ili waone kwenye picha umesogea wapi, wakamfinyangia ganda gumu la plastiki la kumshika kiwiliwili, wakambandika kifaa tumboni kinachofuata pumzi yake. Mionzi hupita pale tu pumzi inapokuwa imetoka yote na ini limetulia. Akivuta tena, mashine inajizima yenyewe na kusubiri. Baba alipoambiwa habari ya dhahabu alifurahi kuliko nilivyomwona tangu Mama afariki. Alimwambia kila mgeni kwamba siku tukiokota mifupa yake baada ya maiti yake kuchomwa moto, tusiwe wavivu, tuchekeche na majivu.

Lakini utakumbuka kwamba mwanzoni alikataa. Alisema mtu wa miaka sabini na tisa hapaswi kusumbua mashine kubwa namna ile. Nilimbembeleza, Shangazi alilia, mwenyekiti wa chama cha nyumba za wageni za chemchemi za maji moto alikuja na chupa ya pombe ya mchele, na bado alikataa. Halafu asubuhi moja akasema atakwenda. Alimweleza daktari sababu yake mbele yangu, akiwa amekaa wima kama yuko ukumbini. Alisema anahitaji miaka miwili. Mwanawe atarudi majira haya ya machipuko kushika nyumba ya wageni, na maji ya chemchemi ya Kitazume hayafundishiki kwa chini ya miaka miwili. Akitoka kwenye mtambo huo na miaka miwili, alisema, hatawaomba kitu kingine.

Mimi nilikuwa pembeni nimeshika koti lake. Nilikuwa nimeshaambiwa na wewe, siku ya pili ya mwaka mpya, kwamba umepata kazi ya kudumu ya udereva, kwamba mnahamia kwa wazazi wa Michiyo, na kwamba hurudi. Uliniomba ninyamaze mpaka matibabu yaishe. Nikanyamaza. Nataka uione picha hiyo, Haruhiko: mzee anaeleza kwa nini anakubali kuishi, na aliyeshika koti lake anajua kwamba sababu hiyo haipo.

Basi tukaanza. Siku ya kwanza alivaa lile vazi la bluu lenye jina la nyumba yetu mgongoni, akabeba masanduku ya maandazi yetu ya mvuke kwa ajili ya wafanyakazi wote. Ukutani pale hospitali pana tangazo kubwa kwamba zawadi hazipokelewi. Baba akainama na kuyatoa, muuguzi akainama na kuyakataa, Baba akainama zaidi, muuguzi naye zaidi. Tulipoteza zamu yetu ya kupimwa uzito. Niliyala mimi kwenye maegesho, nikiwa na hasira, sanduku zima.

Halafu wakamlaza mezani, wakamfunga ganda, wakampanga kwa picha mpaka vipande vya dhahabu vikakaa vinapotakiwa, wakatoka na kufunga ule mlango mzito. Anayeendesha mashine ni Bwana Nukui, mtu wa makamo, mpole mno, mwenye sauti ya wale wanaotangaza ghorofa kwenye lifti za maduka makubwa. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti na kusema: Mheshimiwa Kitazume, samahani kwa kukusubirisha, sasa tunaomba ruhusa tuanze.

Na Baba, amelala chali, amefungwa, akainama.

Sijui niseme vipi vingine. Aliinua kichwa na mabega kadiri ganda lilivyomruhusu, kidevu kikagusa kifua, akasema anajiweka mikononi mwao. Tumbo likakaza, ini likahama, mashine ikajizima kabla haijaanza. Ikabidi waingie tena, wampige picha upya, wampange upya. Bwana Nukui akamwomba radhi kwa usumbufu. Baba akainama kumwambia kwamba usumbufu ni wake yeye. Wakampanga tena.

Wewe umekulia kwenye kile kibaraza, unajua. Mtu ameinamia magari ya wageni miaka zaidi ya hamsini, na hainuki mpaka gari lipite kona ya daraja. Anainama akiongea na simu. Anaiinamia mashine ya benki inapomshukuru. Mgongo wake ukisikia sauti yenye adabu unajikunja bila kumwuliza. Nilimweleza, daktari akamweleza, Bwana Nukui akamchorea picha ya ini. Kila mara alisema ameelewa kabisa, na akathibitisha kwa kuinama.

Walijaribu kila kitu. Walijaribu kutomwambia kwamba wanaanza. Akaona kimya kimezidi, akainua kichwa kuuliza kama kuna tatizo, maana kwa mtu wa nyumba ya wageni kimya ni malalamiko. Walijaribu sauti iliyorekodiwa, ya mwanamke. Akaiinamia sana. Nilimwambia ndani ya gari kwamba hakuna mwenye nyumba ya wageni yeyote nchini aliyewahi kuishinda saratani kwa adabu, kwa hiyo aache. Akanijibu kwamba mimi tangu utotoni nina mdomo wa muuza samaki, na kwamba anashukuru si mimi niliyekuwa nikipokea wageni mlangoni. Nilikuwa mimi, Haruhiko. Miaka kumi na miwili sasa ni mimi.

Siku waliyomrudisha nyumbani bila kumtibu kwa mara ya pili, Daktari Arakida aliniita pembeni. Alisema safari hii bila kuharakisha, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema utumbo uko karibu mno. Mionzi hii haina adabu, inapiga inapoelekezwa, na utumbo ukipigwa utatoboka. Hatamtibu mtu asiyetulia. Atajaribu mara moja zaidi, na ikishindikana atafunga faili na kumrudisha kwa daktari wa mji, ambaye sote tunajua hana la kufanya zaidi ya kumpa dawa za maumivu.

Mara hiyo ya mwisho waliniruhusu nikae kwenye chumba cha mitambo, labda ili nishuhudie kwamba hawakufanya uzembe. Kuna kioo kinachomwonyesha Baba, na kioo kingine chenye mstari wa kijani unaopanda na kushuka na pumzi yake. Chini kuna mistari miwili myekundu. Mstari wa kijani ukikaa kati ya ile miwili, taa inawaka na mionzi inapita. Bwana Nukui akabonyeza kitufe, akaanza na samahani zake. Nikaona kile kidevu kinaanza safari ya kwenda kifuani, na kitu fulani ndani yangu kikakatika. Nikainama juu ya bega la Bwana Nukui nikasema kwenye kipaza sauti: We Baba, lala hapo, hakuna mgeni aliyefika.

Kidevu kikarudi. Mstari wa kijani ukashuka katikati ya mistari miwili na kutulia kama maji ya beseni. Taa ikawaka.

 Daktari Arakida alitazama kioo, akanitazama mimi, akasema niendelee. Nikauliza niendelee na nini. Akasema na hicho hicho.

Ndivyo tulivyogundua kwamba ipo sauti moja duniani ambayo baba yetu haiinamii. Sikujua nicheke au nimpige mtu.

Kwa hiyo nikawa sehemu ya tiba. Kila kipindi walinikalisha kwenye kiti karibu na Bwana Nukui, na mashine ilipoanza ilibidi niongee bila kukoma, kwa sababu nikinyamaza alianza kutafuta malalamiko. Nilimgombeza kuhusu soksi anazoacha kwenye ngazi. Nilimgombeza kuhusu paka anayemlisha samaki wa wageni, kuhusu redio, kuhusu plamu za chumvi anazoficha kabatini wakati daktari wa moyo amemkataza. Nilimgombeza kuhusu ule ubishi wake na fundi wa paa. Yeye alilala kimya akitoa pumzi vizuri. Bwana Nukui aliniambia kwa heshima zote kwamba hajawahi kuona pumzi iliyonyooka namna ile. Alionekana kuniogopa kidogo.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Kipindi cha mwisho kilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimeshaishiwa. Nilikuwa nimemaliza soksi, paka, redio na paa, na njia nzima ya kushuka bondeni Baba alikuwa ameongea habari zako tu. Kwamba ukifika atakuanzishia kwenye mabirika ya mbao yanayopokea maji, kwamba usikabidhiwe valvu ya juu kabla hujajua kusoma rangi ya maji, kwamba chumba chako kipakwe rangi. Mimi naendesha gari kwenye kona za barafu, nasikiliza. Nimepika kwenye nyumba ile, nimefua mashuka yake, nimepokea wageni wake na kumzika mama yake Baba, na kile kibanda cha chemchemi sijawahi kufunguliwa mlango. Kila nikiuliza kuhusu maji huambiwa hayo ni ya mrithi.

Taa ikawaka, daktari akanipa ishara, nikafungua mdomo kumgombeza kuhusu viatu. Nikasema Haruhiko harudi.

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye vipaza sauti upande wa pili. Nikaendelea, maana ilishatoka. Nilimwambia kwamba umepata treni yako na unaipenda, kwamba mnahamia kwa wazazi wa Michiyo, kwamba nimejua tangu mwaka mpya na wewe ndiye uliyeniomba ninyamaze, na kwamba wewe si mtu mbaya ila unamwogopa yeye. Halafu nikasema lile ambalo wewe pia hukuwahi kulisikia kwangu. Kwamba nyumba ile naitaka mimi. Kwamba sijaishika miaka yote hii ili kukutunzia wewe. Naitaka, na maji yake, na kibanda chake.

Mstari wa kijani ulipanda. Ulitoka kwenye mistari myekundu ukaenda juu na kukaa huko. Taa ikazima. Alikuwa amevuta pumzi na kuishika.

Bwana Nukui alinyoosha mkono kuelekea kitufe cha kusimamisha. Daktari Arakida akamzuia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Baba ana kengele mkononi, Haruhiko. Kila mgonjwa hupewa. Akiibonyeza, mlango unafunguliwa, anafunguliwa ganda, na hakuna wa kumlaza tena kwa nguvu. Nilikuwa nakitazama kidole gumba chake kwenye kile kioo. Kilikuwa juu ya kengele. Sababu aliyompa daktari nilikuwa nimeiondoa kwa mdomo wangu mwenyewe, na nusu ya kipindi ilikuwa bado.

Nikamwambia atoe pumzi. Hakutoa. Nikamwambia tena, na sikupamba maneno. Nilisema: Baba, mashine inakusubiri na mimi nakusubiri, na uvimbe wako hausubiri mtu. Toa pumzi.

Mstari ukashuka. Taa ikawaka. Akavuta, ikazima, akatoa, ikawaka. Nilikaa pale bila neno, na safari hii hakuinua kichwa kutafuta malalamiko. Alitoa pumzi moja baada ya nyingine mpaka Bwana Nukui akasema, bila kipaza sauti, kwamba imekwisha.

Kwenye gari tulipita lile handaki la pili. Akauliza tangu lini. Nikasema nilishamwambia, tangu mwaka mpya. Akasema kwa hiyo mimi na wewe tumemfanya mjinga majira yote ya baridi, na hata Shangazi Fusae asingeweza kunyamaza muda huo wote, kwa hiyo pongezi. Nikasema asante. Akasema hiyo haikuwa sifa. Halafu akaomba tusimame ale tambi za moto. Alikula bakuli lote na nusu ya langu. Kuhusu nyumba hakusema neno, na mimi nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Jumamosi ilipita. Jumapili vilevile, isipokuwa kwamba paka alikula samaki wa mgeni. Jumatatu, kabla sijawasha moto jikoni, aligonga mlango wangu kwa fimbo akasema nivae buti.

Tulipanda hadi kibandani. Alifungua kufuli, akaingia, mimi nikasimama nje kama nilivyozoea, akauliza kama nasubiri mwaliko wa maandishi. Ndani pana mvuke na harufu ya mayai, na valvu nyingi kuliko nilivyodhani. Alinipa spana. Tangu hapo, mdogo wangu, sijapumzika. Anasema nashika spana kama mwanamke anayekaanga. Nafungua valvu kama nataka kuipasua. Sioni rangi ya maji, nina macho ya samani. Jana nilikosea birika la tatu, maji yakaingia bafuni yamechafuka, akaniita kwa jina la lile punda la mzee wa kinu, jina alilokuwa akikuita wewe ulipokuwa na miaka kumi na minane. Nilikaa kwenye ngazi za kibanda nikiwa nimelowa mpaka magotini, nina hasira ya kulia, na nikatambua kwamba hajawahi kunigombeza hivyo maishani. Kabla ya hapo alikuwa ananionea tu kwa mambo ya jikoni.

Kuhusu uvimbe, picha ya kwanza ya maana itapigwa mwanzoni mwa kiangazi. Daktari Arakida hataki kubashiri. Anasema mionzi ilifika ilikotakiwa, na hilo tu ndilo anaweza kuliapia. Baba anachoka mchana na ngozi ya ubavuni imekuwa nyekundu kidogo, kama mtu aliyekaa juani. Anakula. Jana alimwambia mwenyekiti wa chama kwamba anahitaji miaka mitatu badala ya miwili, kwa sababu mwanafunzi aliyepewa ni mgumu wa kichwa.

Nimevunja ahadi niliyokupa. Sikuombi radhi, kwa sababu hukupaswa kuniomba ahadi ile, lakini nilitaka uijue kutoka kwangu. Baba anasema habari yako ameisikia kwa kipaza sauti akiwa amefungwa kwenye plastiki, na hiyo kwake haihesabiki. Anataka uje mwenyewe, usimame mlangoni, useme kwa mdomo wako. Njoo kabla ya plamu kumaliza kuchanua. Usije na uso wa msiba. Mlete Michiyo, na mlete yale machungwa makali ya kwenu, Baba anaruhusiwa. Chumba chako cha zamani nimekifanya stoo ya magodoro, kwa hiyo mtalala upande wa wageni, na mtaandaliwa kitanda kama wageni wengine.

Nisalimie wakwe zako na uwaombe radhi kwa niaba yangu kwamba bado sijawatembelea. Uwe mwangalifu kwenye kona za huko na ukungu wa bahari. Natamani kukuona, ingawa barua hii haionyeshi.

Ni mimi dada yako,

Tokie
Nyumba ya Wageni ya Kitazume, upande wa maji